Mwongozo wa Kumsindikiza Mkimbizi, Mwomba Hifadhi au Mtu Aliyelanguliwa Jijini Nairobi

Mtu aliyekimbia kwao akifika Nairobi, wa kwanza kumwendea huwa si wakili. Ni mama mboga anayeisikia lafudhi yake, mwenye nyumba anayedai kodi, imamu, mchungaji, mwalimu wa mtoto wake, au jirani wa ploti moja. Nimewaandikia hao: wewe usiye na ofisi wala beji ya shirika, ila umeombwa msaada na huwezi kumfungia mtu mlango. Mkimbizi mwenyewe akiusoma, vizuri zaidi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Msindikizaji mzuri hamsemei mtu. Anamfikisha kwenye mlango unaofaa, kwa wakati, akiwa na karatasi zake, kisha anakaa kwenye benchi nje. Kesi nyingi ninazoziona zikiharibika zinaharibiwa na wema uliopitiliza: mtu ametungiwa hadithi "yenye nguvu", amelipiwa broka, au amepelekwa kwenye ubalozi wa nchi ile ile aliyoitoroka.

Jua kwanza uko na nani

Mwomba hifadhi ni yule aliyeomba kulindwa na bado hajajibiwa. Mkimbizi ni yule ambaye serikali imekwisha kumtambua. Wote wawili wanaongozwa na Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022 mahali pa ile ya 2006. Inamlinda mtu anayeogopa kuteswa kwao kwa sababu ya asili yake, dini, uraia, kundi la kijamii alilomo au msimamo wake wa kisiasa. Inamlinda pia aliyekimbia vita, uvamizi au vurugu zilizovunja amani kwao, hata kama hakuna aliyemwinda yeye binafsi. Kipengele hiki cha pili kina asili yake katika mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969. Watu wengi wa Kivu au Sudan Kusini hawakijui, kwa hiyo hudhani kwamba bila kovu la risasi hawana kesi.

Aliyelanguliwa yuko chini ya sheria nyingine, ile ya kupambana na ulanguzi wa binadamu ya 2010. Hapo hutazamwa mambo matatu: kitendo (kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumpokea au kumficha), njia iliyotumika (nguvu, vitisho, uongo, au kuutumia unyonge wake), na nia ya kumnyonya. Kwa mtoto, njia haiulizwi kabisa. Na ile hoja ya "si alikubali mwenyewe?" haimwokoi mlanguzi.

Kuna mkanganyiko unaowasumbua hata maafisa. Kijana aliyemlipa mtu amvushe mpaka wa Ethiopia pale Moyale, wakaachana alipofika Nairobi, amevushwa mpaka kwa magendo. Hajalanguliwa. Lakini akifungiwa chumbani huku ndugu zake wakipigiwa simu watume pesa, au akipelekwa kufanya kazi asiyolipwa, hapo mambo yamebadilika. Mtu mmoja anaweza pia kuwa na kesi mbili. Msichana aliyekimbia vita Ethiopia, akaahidiwa kazi ya nyumbani, kisha akanyang'anywa pasipoti na kufungiwa geti, ni mwomba hifadhi na pia amelanguliwa. Usichague moja ukaizika nyingine. Kuamua si kazi yako. Kazi yako ni kuhakikisha milango yote miwili imebishwa.

Usiku wa leo kwanza

Kabla ya fomu yoyote, uliza maswali mawili tu: uko salama usiku wa leo? Kuna anayekutafuta hapa Nairobi? Mengine yangoje.

Kama kuna ubakaji, saa ndizo muhimu. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Dawa ya kuzuia mimba ya dharura ina hadi saa 120. Nenda hospitali kwanza, polisi baadaye. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ina kituo cha waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, na kile cha Nairobi Women's Hospital kimekuwepo tangu 2001. Asioge kabla ya kuonwa na daktari. Nguo alizovaa zitie kwenye bahasha ya khaki au gazeti, kwa sababu mfuko wa plastiki huzichachusha na ushahidi ukaharibika. Daktari atajaza fomu ya huduma baada ya ubakaji, na polisi watatoa P3, fomu ya kueleza majeraha kwa ajili ya kesi. Zote ni bure. Kukosa kitambulisho si sababu ya kumnyima mtu matibabu ya dharura, na ukiambiwa hivyo omba kumwona msimamizi wa zamu.

Kama ni mtoto aliye peke yake, usimchukue kwako "kwa muda" bila kumjulisha mtu. Piga 116, laini ya watoto isiyolipishwa, na umjulishe afisa wa watoto wa eneo lako. Mtoto anayekaa kwako kimyakimya anaweza kukugeuza wewe mshukiwa. Kwa wasichana na wanawake vijana wakimbizi waliofika bila wazazi, shirika la RefuSHE hapa Nairobi limekuwa likiifanya kazi hiyo tangu 2008, zamani likiitwa Heshima Kenya.

Laini nyingine za bure ni 1195 kwa ukatili wa kijinsia, 999 au 112 kwa polisi, na 1517 ya UNHCR, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Ziandike kwenye karatasi, maana simu ya mtu aliyetoroka mara nyingi haina chaji au imebaki kwa mwajiri.

Na yale ya kutofanya. Usimpige picha. Usiweke habari zake kwenye kikundi cha WhatsApp cha kanisa, hata kwa nia ya kumchangia. Usipigie ubalozi wa nchi yake. Mnamo Oktoba 2024 serikali ya Kenya ilithibitisha kuwa iliwarudisha kwao Waturuki wanne waliokuwa wakimbizi wakiishi Nairobi, kwa hiyo mtu wa siasa anapokwambia hataki jina lake litajwe hadharani, usimwone mwoga.

Bahasha

Nunua bahasha ngumu na daftari dogo. Ndani ya bahasha ziingie karatasi zote alizonazo: pasipoti, kitambulisho cha kwao, kadi ya chanjo ya mtoto, cheti cha shule, barua ya chama, hati ya wito wa polisi, tiketi ya basi, hata kipande cha karatasi kilichoandikwa namba ya simu ya dereva. Piga picha kila kimoja, mbele na nyuma, kisha zitume kwenye barua pepe yake mwenyewe. Hana? Mfungulie, na neno la siri alishike yeye.

Daftari ni la tarehe. Kila mlango aliobisha, andika siku, saa, alimwona nani au dawati lipi, aliambiwa nini, na arudi lini. Inaonekana kazi ya karani, lakini miezi kadhaa baadaye, mtu akiulizwa "mbona hukuripoti mapema?", daftari ndilo litakalojibu.

Kama hana karatasi hata moja, asiogope. Watu hukimbia na watoto mgongoni, si na makabati. Sheria haimnyimi mtu nafasi ya kuomba hifadhi kwa kukosa hati. Asitengenezewe za bandia tu. Karatasi moja ya uongo humfanya afisa azitilie shaka hata zile za kweli.

Kujiandikisha

Anayeshughulikia uandikishaji ni Idara ya Huduma za Wakimbizi, DRS, ambayo ni ya serikali. Makao yake makuu yako Castle House, barabara ya James Gichuru, Lavington, lakini wakimbizi wa mjini kwa miaka mingi wamekuwa wakiandikishwa Shauri Moyo, si mbali na soko la Burma. Piga 1517 kabla ya kutoka nyumbani uulize ofisi ipi inapokea wapya na siku zipi, kwa sababu ratiba hubadilika na nauli ya kutoka Kitengela na watoto wanne si mchezo.

Sheria inamtaka mtu ajitokeze mara anapoingia, au ndani ya siku 30. Siku hizo zikipita, aende hivyo hivyo, akiwa na maelezo ya kweli ya kuchelewa: alikuwa mgonjwa, alifungiwa, hakujua. Kila wiki anayozidi kujificha inayafanya maelezo hayo kuwa magumu kuaminika.

Aende na familia yote inayoishi naye, maana wanachukuliwa picha na alama za vidole. Fika asubuhi na mapema, beba maji na kitu cha kumtuliza mtoto. Mwambie pia ukweli huu: msimamo wa serikali kwa muda mrefu umekuwa kwamba wakimbizi wakae katika maeneo yaliyotengwa, yaani Dadaab, Kakuma na Kalobeyei, na anayeomba kubaki Nairobi anaweza kuulizwa sababu. Matibabu yasiyopatikana kambini, masomo, au hatari inayomfuata kambini ni sababu za kuelezwa kwa karatasi, si kwa mdomo tu. Barua ya daktari iwe kwenye bahasha. Akielekezwa kambini na anahofia usalama wake huko, aseme papo hapo, kisha amwone wakili siku hiyo hiyo.

Sasa ile karatasi anayopewa, yaani pasi ya mwomba hifadhi. Kabla ya kuondoka dirishani, isomeni pamoja, herufi kwa herufi. Jina limeandikwa kama lilivyo kwenye kadi ya chanjo? Mohamed na Muhamed kwa afisa wa baadaye ni watu wawili. Mwaka wa kuzaliwa ni wake, au mtu ameandika tarehe 1 Januari kwa sababu hakuulizwa vizuri? Watoto wote wapo? Yule aliyezaliwa njiani? Mpwa anayelelewa ameandikwa kama mpwa, si kama mtoto wa kumzaa? Uhusiano ulioandikwa uongo ili "familia isitenganishwe" huja kuitenganisha familia hiyo hiyo wakati wa mahojiano. Namba ya simu ni ya laini yake, au ya jirani atakayehama mwezi ujao? Kosa likionekana, omba lirekebishwe hapo hapo. Ukirudi baada ya mwaka, rekebisho dogo linakuwa faili.

Kisha tazama tarehe ya kuisha. Iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na mwezi mmoja kabla yake anza kufuatilia. Pasi ya mwomba hifadhi iliyokwisha muda ndiyo inayowalaza watu seli wikendi nzima.

Mahojiano

Hapa ndipo kesi husimama au kuanguka. Uamuzi unatokana zaidi na maneno ya mtu mwenyewe, kwa kuwa ushahidi mwingine uko ng'ambo ya mpaka na aliyeushika ni yule aliyemfukuza.

Msaidie kukumbuka, usimsaidie kubuni. Tofauti iko katika namna ya kuuliza. Usiseme, "Walikuja usiku, sivyo?" Sema, "Niambie siku ile tangu ulipoamka." Wengi hawakumbuki tarehe, na kalenda ya ofisi inawatia hofu. Tumia kalenda yao: ilikuwa kabla ya mavuno au baada? Ramadhani ilikuwa imeanza? Mtoto wa pili alikuwa ameanza kutembea? Ukishapata mpangilio, mwache auandike au autamke kwa maneno yake. Kama tarehe haipo, jibu sahihi ni "sikumbuki siku, ilikuwa msimu wa mvua". Afisa huchoka zaidi na tarehe kamili inayobadilika mara tatu kuliko na "sikumbuki" moja ya kweli.

Maswali yenyewe hayana siri. Wewe ni nani na umetoka wapi hasa, mto gani uko karibu na kijiji chako, soko ni siku gani? Ulifanywa nini, na nani, kwa nini wewe? Uliripoti kwa mtu? Kwa nini hukuhamia mji mwingine wa nchi yako? Ulipita njia ipi hadi Nairobi? Ukirudi leo itakuwaje? Swali la kuhamia mji mwingine huwakwaza wengi, kwa sababu kwao jibu liko wazi mno hata hawakuwahi kulisema. Mama aliyetoka Bunia, mashariki mwa Kongo, ambaye mume wake alichukuliwa na wapiganaji anaona ni upuuzi kuulizwa mbona hakwenda Kinshasa. Na alielezee hilo: hana mtu huko, lugha ni nyingine, ni mwendo wa nchi nzima, na barabara ilikuwa mikononi mwa nani.

Mkalimani ni haki yake, na ni bure. Msikubali mkalimani wa kuokota kwenye benchi. Anaweza kuwa wa ukoo ule ule anaoukimbia. Mkongo anaposema anajua Kiswahili, uliza zaidi: Kiswahili cha Goma na cha Kayole hupishana vya kutosha kubadilisha maana ya ushahidi, na kama Kinyabwisha au Kilingala ndicho anacholilia, basi ahojiwe kwa hicho. Mkalimani akikosea, aseme pale pale na aombe iandikwe. Mwanamke anaweza kuomba ahojiwe na afisa mwanamke. Mwishoni aombe asomewe alichosema kabla ya kuweka sahihi.

Aliyepitia ubakaji au mateso huenda akasimulia akicheka, au akatazama ukutani na kukataa kuendelea. Kama yuko kwenye ushauri nasaha, omba barua ya mshauri mapema iingie kwenye faili. Shirika la HIAS hapa Nairobi limekuwa likitoa huduma hiyo kwa wakimbizi walio katika hali ngumu zaidi, wakiwemo wanawake waliodhulumiwa na watu wanaowindwa kwa sababu ya jinsia au mapenzi yao.

Sheria inataja siku 90 za kuamua ombi. Foleni ya kweli haijui siku 90. Endelea kuhuisha pasi.

Akikataliwa

Barua ya kukataliwa ina tarehe, na tarehe hiyo ndiyo saa inayohesabu. Ana siku 30 za kukata rufaa kwenye kamati ya rufaa za wakimbizi, na huko akishindwa, kuna Mahakama Kuu. Siku ya kuipokea barua ndiyo siku ya kumtafuta wakili. Shirika la Refugee Consortium of Kenya, RCK, lililoanzishwa 1998 na lenye ofisi Haki House, barabara ya Ndemi, Kilimani, na Kituo cha Sheria, kilichoanza 1973 na chenye programu ya wakimbizi Eastleigh, hutoa mawakili bila malipo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 nayo inawataja wakimbizi na waathiriwa wa ulanguzi miongoni mwa wanaostahili msaada wa serikali. Rufaa isiwe kilio. Ijibu sababu zilizoandikwa kwenye barua, moja baada ya nyingine.

Akikamatwa

Nenda kituoni wewe, au mtume mtu mwenye kitambulisho cha Kenya, ukiwa na nakala ya pasi. Uliza kwa upole mambo matatu: ameandikishwa kwenye OB (kitabu cha matukio cha kituo) kwa namba gani, kosa ni lipi, na atafikishwa mahakamani lini. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka afikishwe ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata kama saa hizo zimeishia wikendi. Bondi ya polisi, yaani ahadi ya kufika mahakamani ili aachiliwe, hailipiwi. Ukiambiwa utoe "ya chai", usibishane kwenye kaunta. Andika saa na mahali, toka nje, mpigie wakili na UNHCR.

Hatari kubwa zaidi iko mahakamani Makadara, Kibera au Milimani asubuhi inayofuata. Shtaka huwa ni kuwa nchini kinyume cha sheria. Mtu amechoka, haelewi lugha, mwenzake wa seli amemwambia "sema ndiyo twende nyumbani". Anasema ndiyo. Hakimu anamhesabu amekiri, na pamoja na faini au kifungo inaweza kuja amri ya kurudishwa kwao. Kwa hiyo mfundishe sentensi moja kabla ya siku hiyo kufika, aijue kama jina lake: "Mimi ni mwomba hifadhi, naogopa kurudi, naomba mkalimani na wakili." Katiba inampa mkalimani bila malipo. Na kanuni ya kutomrudisha mtu mahali anapohatarishwa imo katika sheria ya Kenya yenyewe, si ombi la huruma.

Aliyelanguliwa

Mlanguliwa wa Nairobi mara nyingi hafungwi kwa minyororo. Ni msichana wa kazi asiyejua jina la mtaa anaoishi, wasichana wa Karamoja walioletwa Eastleigh kutoka Uganda, mtoto mwenye ulemavu aliyetolewa Tanzania na kuwekwa kwenye taa za barabarani kuombaomba, huku mtu anayemchukulia pesa hizo akiwa ameketi mbali. Dalili za kushika: mtu mwingine ndiye anayemjibia, hati zake zinashikwa na mwajiri, deni halipungui hata afanye kazi vipi, haruhusiwi kupiga simu peke yake.

Ukishuku, usiende getini kumwokoa. Ukigonga leo, kesho chumba ni kitupu. Kumbuka unachokiona: rangi ya geti, jina la duka la jirani, namba ya gari, saa anazotoka kutupa takataka. Kisha piga 0800 722 203, laini ya siri ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, na utaje kwamba ni suala la ulanguzi, kwa sababu idara hiyo ina kitengo maalumu cha ulanguzi wa binadamu na ulinzi wa watoto. Ukiliripoti kituoni kama "ugomvi wa mwajiri na mfanyakazi", ndivyo litakavyoandikwa, na litaishia kwa mzee wa mtaa kupatanishwa.

Akiwa ametoka, mambo yafuate mpangilio huu: daktari, mahali pa kulala, mshauri, wakili, halafu taarifa ya polisi. Najua wapelelezi wanapenda taarifa iwe ya kwanza. Lakini taarifa ya mtu asiyelala siku tatu ina mashimo, na mashimo hayo ndiyo wakili wa mlanguzi atakayoyachimba kortini. Shirika la HAART Kenya, lililoanzishwa Nairobi 2010, linashughulika na ulanguzi pekee, na hapo ndipo ningeanzia. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, husaidia wanaotaka kurudi kwao kwa hiari. Serikali ina sekretarieti ya kupambana na ulanguzi na mfuko wa kuwasaidia waathiriwa chini ya sheria ya 2010. Wakili au afisa wa watoto ndiye wa kuuliza jinsi ya kuufikia.

Mwambie jambo moja mapema, kwa maana hofu hii ndiyo inayowafunga midomo: sheria hiyo inasema aliyelanguliwa hashtakiwi kwa kuwa Kenya bila kibali, wala kwa kosa alilotendeshwa kutokana na kulanguliwa. Upande wa pili, mlanguzi akipatikana na hatia ni kifungo cha miaka isiyopungua 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Kwa adhabu ya uzito huo, mtu aliye upande wa pili atajaribu kununua ukimya. Ndugu kijijini wataanza kupigiwa simu za upole, kisha za vitisho. Kila simu iingie kwenye daftari. Vitisho vikizidi, wakili aulizie Mamlaka ya Kuwalinda Mashahidi.

Ushahidi wa siku hizi uko kwenye simu. Usifute ujumbe wowote, hata wa matusi. Hifadhi mazungumzo yote, si picha za vipande vilivyochaguliwa. Chukua taarifa ya M-Pesa inayoonyesha pesa alizomtumia ajenti. Mkataba, tangazo la kazi, sauti zilizorekodiwa, namba zote.

Ulanguzi una upande wetu pia. Wakenya wanaondoka na mikataba ya kazi za nyumbani Ghuba, na tangu 2022 wengine wameahidiwa kazi za kompyuta Thailand wakajikuta kwenye kambi za utapeli wa mtandaoni Myanmar. Kabla ya kulipa chochote, hakikisha ajenti yumo katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Ukisikia "utasafiri kwa viza ya kitalii, ya kazi utapata ukifika", hapo simama. Aliye kule tayari atume mahali alipo, picha ya pasipoti na jina la kampuni kwa mtu mmoja anayemwamini, naye aripoti kwa DCI, kwa HAART na kwa idara ya serikali inayoshughulikia Wakenya walio ng'ambo.

Riziki

Hii naipitia upesi. Mkimbizi aliyetambuliwa ana haki ya kuomba kibali cha kazi cha daraja la M, ambacho hakilipiwi ada, na anaweza kupata PIN ya KRA, mamlaka ya ushuru, na leseni ya biashara ya kaunti. Laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho cha mkimbizi. Mhudumu asipokijua, omba duka kubwa badala ya kibanda. Mtoto apelekwe shule ya umma iliyo karibu, na barua ya kuomba nafasi ipelekwe kwa mkono.

Jambo moja la kutulia nalo: sheria ya 2021 inamruhusu mkimbizi kutoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuachana na hadhi ya ukimbizi ili atumie haki za raia wa jumuiya. Wakongo, Warundi, Wasudani Kusini na sasa Wasomali wanaoahidiwa kwamba hiyo ni njia fupi ya kupata kazi wamwone wakili kwanza. Anayeiacha hadhi ya ukimbizi ameacha na ulinzi wake, na vita vya kwao vikipamba moto tena huenda akalazimika kuanza upya.

Wanaouza kesi

Wako Eastleigh, wako Kabiria, wako nje ya kila ofisi. Wanauza nafasi ya kwenda Marekani au Canada, wanauza hadithi zilizokwisha "kupita", wanauza tarehe za miadi. Uandikishaji, mahojiano, kitambulisho, rufaa na kuhamishiwa nchi ya tatu, vyote ni bure. Kuhamishiwa nchi ya tatu hakuombwi kwa kununua fomu, na nafasi zimezidi kuwa finyu tangu Marekani ilipousimamisha mpango wake Januari 2025. Mfanyakazi wa shirika akiomba pesa au mwili wa mtu, ripoti kwa 1517. Aliyekwisha kulipa asione aibu kusema. Lililo baya zaidi ni kukariri hadithi aliyouziwa na kuisema mbele ya afisa aliyeisikia asubuhi hiyo hiyo kutoka kwa mwingine.

Malalamiko na utetezi

Mlango ukifungwa kabisa, kuna njia za juu yake, na zimewahi kufanya kazi. Desemba 2012 serikali iliamuru wakimbizi wote wa mijini waende kambini. Kituo cha Sheria na wakimbizi wenyewe wakaenda mahakamani, na tarehe 26 Julai 2013 Jaji David Majanja akaitupa amri hiyo. Mwaka uliofuata ikaja operesheni ya polisi iliyoitwa Usalama Watch na watu wakajazwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani, kwa hiyo hukumu moja haimalizi mambo. Lakini waliojazwa walikuwa na hukumu ya kunukuu. Tangu Machi 2025 kuna Mpango wa Shirika, unaokusudia kugeuza kambi kuwa makazi yenye huduma za pamoja na wenyeji. Kwenye vikao vyake, kiongozi wa wakimbizi mwenye daftari la tarehe husikilizwa kuliko mwenye hotuba.

Polisi akimdhulumu mtu, peleka kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, laini 1559. Haki zikivunjwa kwa upana, ni Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Ofisi ya serikali ikikaa na faili bila jibu, ni Tume ya Utawala wa Haki, ile iitwayo Ombudsman. Barua isizidi ukurasa mmoja: nani, namba ya faili, nini kilitokea na tarehe zake, umebisha wapi, na unaomba wafanye nini hasa. Matusi yaache, na sifa pia. Sahihi iwe ya mkimbizi mwenyewe, wewe utajwe kama msindikizaji. Chapisha nakala mbili na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, itume kwa barua pepe kabla hujapanda matatu, na uandike kwenye daftari dawati lililoipokea na saa.